Mlango wa Bluu wa Mama Violeth

Huko Kasoli, Ng'washi binti Masunga alijulikana kwa jambo moja ambalo hakulipenda: yeye ndiye mtoto aliyekataa shule. Hakunyimwa, kama wasichana wengi wa rika lake waliopelekwa machungani. Baba yake alimfuata mwenyewe, akamwambia njoo uandikishwe, naye akakataa. Wadogo zake wakasoma, mmoja sasa ni nesi mjini Mwanhuzi. Ng'washi akabaki na jembe la pamba na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu, asirudi. Ukizuka ugomvi wowote, hata wa foleni ya maji, jambo hilo halikuchelewa kutolewa. "Mwacheni huyo, shule yenyewe aliikimbia." Alikuwa na miaka arobaini na hakuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ilikuwa kweli mpaka Jumamosi moja ya Januari, siku aliyompeleka binti yake Mwandu kwa Violeth, mjini Bariadi.

Violeth huyo Ng'washi alimlea mgongoni mwake. Ng'washi alipokuwa na miaka tisa, mama yake Violeth, aitwaye Perpetua, alikuja kumwomba kwa wazazi. Mumewe Perpetua, Gregory, alikuwa bwana kilimo, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku kikazi. Makubaliano yalikuwa mafupi. Mtoto amsaidie kubeba kichanga mwaka mmoja, kisha aandikishwe shule ya mjini kama watoto wa nyumba hiyo. Mwaka mmoja ukawa tisa. Gregory alipohamishwa tena, Ng'washi alirudishwa Kasoli na vitenge viwili na sufuria yenye mfuniko.

Sasa Violeth naye alikuwa mfanyakazi wa serikali, amepangiwa ofisi za mkoa hapo hapo Bariadi, na ana mtoto wa miezi minane, Wilbroad. Alipiga simu wiki moja kabla.

"Dada Ng'washi, msichana wangu kanikimbia. Niletee Mwandu wako. Mwaka huu anishikie mtoto, mwakani namtafutia shule nzuri hapa mjini, siyo hiyo ya kata."

Mwandu alikuwa amefaulu darasa la saba na kuchaguliwa sekondari ya kata, mwendo wa saa mbili kwa miguu kwenda na mbili kurudi. Shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Ng'washi aliyapima maneno ya Violeth, akahisi aliwahi kuyasikia mahali. Lakini utamkatalia vipi mtoto aliyekukojolea mgongoni? Akasema sawa.

Walifika baada ya chakula cha mchana, na jogoo na mfuko wa michembe, viazi vile vya kuchemshwa vikakaushwa juani, ambavyo Violeth alivipenda tangu hajaota meno yote. Violeth alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Umenenepa mpaka nimekupita pale getini nikidhani wewe ni mama yako."

"Dada na wewe. Mwandu, karibu mama, weka begi lako chumba kile. Kaone kitanda chako."

Mwandu alikwenda akarudi akitabasamu. Nyumba ilikuwa na maji ya bomba ndani, na televisheni pana ukutani kama mlango uliolazwa.

Walipokwisha kunywa chai Violeth akasema, "Nina zawadi yako. Nimeitafuta mwezi mzima kwenye mtandao." Akabonyeza simu, na ukutani ukatokea wimbo wa filimbi ambao Ng'washi hakuwa ameusikia tangu usichana wake.

Wakati ule kaka mmoja wa Gregory alikuwa Nairobi, akirekodi vipindi vya watoto kwenye kanda na kuvituma. Nyumba ilikuwa na televisheni ndogo na deki, vikiendeshwa kwa betri ya gari. Kila Jumamosi baada ya chakula watoto waliketi mkekani, Ng'washi nyuma yao na Violeth mgongoni, na Perpetua akakaa kwenye kiti akiwaeleza, kwa sababu maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Kipindi kilikuwa cha msichana mwenye nywele za rangi ya mahindi, anayeishi mawinguni katika nyumba ya Bibi Manyoya, mwanamke mwenye mabawa. Uani palisimama watoto wa mawe, wengi, wadogo kwa wakubwa. Na nyumba ilikuwa na mlango wa bluu.

Sasa, kwao Kasoli hadithi ilikuwa na saa yake. Bibi yake Ng'washi hakusimulia kitu kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Anayesimulia hadithi mchana, alisema, huota pembe. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma alijua bila kufundishwa: linalosemwa jua likiwaka si hadithi, ni habari. Na sanduku lile lile ndilo Gregory alilotazamia kanda za taarifa ya habari, akitikisa kichwa juu ya vita vya watu wa mbali. Wenzake pale mkekani walijua ni michezo. Ng'washi peke yake alijua ni kweli.

"Mnawaona hao wa mawe?" Perpetua alikuwa akisema. "Ni watoto walioondoka kabla Bibi hajawaruhusu. Wakivuka tu ule mlango wa bluu, wanaanza kuganda nyayo, kisha magoti." Kila mara, kabla kanda haijaisha, alisimama akazima. Betri inakwisha, alisema.

Na nyumba ile ya serikali walimokaa, mlango wa mbele ulipakwa rangi ya bluu.

Mwaka wa pili, mwezi kama huu wa Januari, baba yake, Masunga, alikuja na baiskeli kutoka Kasoli. Alikuwa amesikia mtoto hajaandikishwa popote. Alikaa sebuleni na kofia magotini, akasema amekuja kumchukua akasome nyumbani. Perpetua hakubisha. Alimpa chai ya maziwa, akamwita Ng'washi, akasema kwa upole, "Mzee, muulize mtoto mwenyewe. Ng'washi, unataka kutoka kwenye mlango ule na baba?"

Ng'washi alikumbatia mguu wa meza. Alilia mpaka akajikojolea. Baba alimvuta mara moja, akamwachia, akasimama akimtazama kama ndama wa watu. "Amezoea mikate," alisema, akavaa kofia. Wiki ile akamwandikisha mdogo wake Ng'washi aitwaye Milembe, yule nesi.

Alipokua aliona kwamba watu hawageuki mawe. Akajua ile ilikuwa hadithi tu, na kwamba ni yeye aliyekuwa mjinga kuiamini. Aibu hiyo aliificha. Hakumwambia baba yake kwa nini alilia, na baba alikufa miaka sita iliyopita bila kumuuliza tena.

"Siku hizi wameiwekea sauti za Kiswahili," Violeth alikuwa akisema, akimnyonyesha Wilbroad. "Sikiliza dada, utafurahi."

Ukutani, msichana wa nywele za mahindi alisimama uani kati ya mawe. Alikuwa mdogo kuliko Ng'washi alivyomkumbuka, na mawe yalionekana wazi kuwa ya maboksi. Mjusi mwenye miwani akatoka chini ya jiwe moja.

"Hawa walifanya nini?" msichana alimuuliza.

"Walikaa," mjusi akasema kwa Kiswahili safi. "Bibi aliwaambia kaeni, wakakaa. Anayekaa miaka saba anaganda. Anayetoka mlango wa bluu anapona, na wote walioganda nyuma yake wanaamka."

Ng'washi aliweka kikombe chini.

"Rudisha nyuma," alisema.

Violeth akarudisha, akicheka. Mjusi akasema tena.

"Rudisha."

"Dada, si umesikia?"

"Rudisha, Violeth."

Mara ya tatu Ng'washi alisogea akapiga magoti karibu na ukuta, kama mtu anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Maneno yalikuwa yale yale. Mwandu aliacha kula michembe.

"Mayu, una nini?" alimuuliza mama yake.

"Ndivyo ilivyokuwa?" Ng'washi alimuuliza Violeth. "Hata kwa Kiingereza, ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndiyo. Mwisho anatoka, mawe yote yanaamka yanacheza ngoma. Mimi niliuona mwisho tulipohamia Dodoma, nilipoanza kujua Kiingereza. Kwani wewe ulionaje?"

"Mama yako alisema waliotoka ndio walioganda."

Violeth alitabasamu, kisha tabasamu likamfia. Alikuwa mtu wa kusoma, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alifikiri kidogo, akachukua simu. "Labda alikosea kutafsiri. Ngoja tumuulize, atacheka."

Uso wa Perpetua ulijaa kwenye simu, umekunjamana, kitambaa kichwani, nyuma yake migomba ya Bukoba.

"Ng'washi, mwanangu. Bado upo?"

"Nipo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Naona umezeeka kuliko mimi, jembe linakula mtu."

"Mama, ule mlango wa bluu. Kumbe waliotoka ndio waliopona."

"Mlango gani? Aa, michezo ile ya kanda." Perpetua alicheka mpaka akakohoa. "Violeth, huyu dada yako alikuwa akitazama kama yuko msibani. Macho hivi."

"Ulisema wakitoka wanakuwa mawe."

"Nilisema? Basi nilisema." Hakuona haya wala hakukwepa. "Mwanangu, kabla yako walinikimbia wasichana watatu. Mmoja aliniachia mtoto ndani na jiko linawaka. Mimi niko kazini. Ningefanyaje, nikufunge kamba? Nikaona nikupe hadithi. Hadithi haijaumiza mtu. Na ulitulia kweli, miaka yote ile hatukugombana hata siku moja."

"Baba alikuja kunichukua nikasome."

"Nakumbuka. Nilimpa chai. Tena mimi mwenyewe nilisema mtoto aulizwe, kwa haki kabisa. Wangapi wangefanya hivyo?"

Ng'washi alimtazama. Alisubiri hasira ije, maana alikuwa mtu wa hasira, Kasoli nzima ilijua. Haikuja. Alichoona ni kofia ya baba yake magotini, na namna alivyoivaa polepole, na vile mtu mzima alivyosukuma baiskeli kurudi Kasoli akiamini kwamba mtoto wake wa kwanza anampenda zaidi mwenye mkate. Miaka yote hii aliubeba ujinga ambao haukuwa wake. Ulitengenezwa mahali, kama gauni, ukapimwa, ukamtosha.

"Ng'washi? Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mama. Nimekusikia."

"Haya. Na huyo binti amtunze mjukuu wangu vizuri. Kama ana damu yako, tumepata."

Violeth alikata simu. Hakujua pa kuweka macho.

"Dada, mama ni mzee, na sukari inamsumbua. Usimweke moyoni."

"Simweki. Alishakaa humo siku nyingi." Ng'washi alisimama. "Mwandu, kalete begi."

Mwandu hakuondoka. "Begi la nini? Si tumefika?"

"Kalete."

"Dada, mimi si mama yangu," Violeth alisema. "Mimi nimesoma, najua maana yake. Mwandu nitamsomesha, nakuapia."

"Lini?"

"Si nimesema mwakani."

"Shule imefunguliwa mwaka huu. Jina lake limebandikwa ukutani kijijini, mwenyekiti wa kijiji alinisomea."

"Ni mwaka mmoja tu, dada. Mmoja. Na Jumatatu mimi naingia kazini, huyu Wilbroad nani atamshika?"

Ng'washi alimtazama mtoto, aliyekuwa akinyonya ngumi yake, mnene, hana kosa. Alimpenda pale pale, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sijui, ng'wanone," alisema. "Mimi nilikushika wewe miaka tisa. Zamu yetu imekwisha."

"Unanilipizia mimi kosa la mama."

"Labda. Hata kama nakuonea, mtoto naondoka naye."

Violeth alianza kulia, kimya, kama alivyolia utotoni, mdomo ukipinda kabla ya machozi. Mkono wa Ng'washi uliinuka wenyewe kumfuta. Aliurudisha. Mwandu alitoka chumbani akiburuta begi, uso umevimba.

Walitembea mpaka stendi. Gari la Kasoli lilikuwa bado linasubiri abiria, wakakaa kwenye benchi la mama anayeuza karanga. Mwandu aligeukia upande wa pili.

"Umenitia aibu, mayu. Kwa sababu ya michezo ya watoto. Kitanda kile nilikuwa nimeshakitandika."

"Najua."

"Na sare sina. Daftari sina. Wenzangu wameanza wiki nzima."

"Jumatatu unaripoti."

"Na gauni hili?"

"Na gauni hilo," Ng'washi alisema. "Mimi nitatembea na wewe mpaka mlangoni, na wakikurudisha, nitakaa pale pale mpaka wakuingize."

Mwandu alisonya, siyo kwa nguvu. Kondakta akaita watu wa Kasoli wapande, nao wakapanda.