Harufu ya Jike Katika Friji Yangu

Nina wivu, na sioni haya kusema. Mume wangu akichelewa nusu saa tu, mimi tayari najua yuko na nani, wamekaa wapi na wanacheka nini.

Mtu wa namna yangu hakupaswa kuolewa na mtega nondo. Yeye hufanya kazi katika mashamba ya mahindi upande wa Kanyaruchinya, ambako viwavi hula majani mpaka shamba linabaki vijiti. Viwavi ni watoto wa nondo, basi yeye huning'iniza ndoo za plastiki katikati ya mahindi ili kunasa madume. Ndani ya kila ndoo kuna kapsuli ya mpira, ndogo kama haragwe, iliyotiwa harufu ya nondo jike. Kapsuli hizo zinataka baridi, na umeme wa ofisini kwao hukatika ovyo. Boksi likaletwa kwetu, likawekwa katika friji yangu juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Nililifungua nikanusa. Sikusikia kitu.

"Ni harufu ya mwanamuke," akaniambia, "lakini weye hauwezi kuisikia. Ni dume tu njo inaisikia."

Harufu ya kike nyumbani kwangu, na mimi mwenye nyumba siisikii. Yeye akaendelea kueleza, macho yanang'aa. Dume huinasa kwa papasi zake za kichwani hata ikiwa kidogo mno, kisha huruka kuelekea upepo unakotoka. Akiipoteza hakati tamaa; huyumba kushoto, huyumba kulia, mpaka aipate tena. Mimi hajawahi kunisimulia kwa mtu yeyote kwa furaha ile.

Maneno hayo alikuwa ameyapata kwa mwenzake mpya wa kazi, agronomu msichana, mtaalamu wa kilimo kutoka Butembo. Msichana kasema hivi, msichana kakataza kushika kapsuli kwa mikono mitupu. Siku hiyo mboga yake ya sombe ilizidi chumvi, na si kwa bahati mbaya.

Jioni moja koti lake lilikuwa limeanikwa nje, nikaona nondo watatu wanazunguka mfuko mmoja tu. Nikatia mkono, nikatoa glavu ndogo ya kike. Alisema msichana aliiangusha shambani, yeye akaiokota. Inawezekana. Nililifua koti lile mara tatu.

Kesho yake nikaenda kwa dada yangu, mtaa wa Majengo, bila kuaga, nikazima simu. Nilitaka kujua jambo moja tu: mimi nikipotea, atanitafuta au atakaa? Lakini wakati wa kutoka hasira ilinipanda, nikabeba na lile boksi. Sikutaka yule msichana apate chochote kutoka nyumbani kwangu.

Siku ya kwanza hakuja. Nililia, dada yangu akanicheka. Siku ya pili, saa kumi za mchana, akasimama mlangoni, viatu vyeusi kwa vumbi la mawe ya volkano.

"Nimekutafuta fasi yote," akasema. "Juu ya nini ulizima telefone?"

Alikuwa ameanzia kwa mama, akapita kwa wanakwaya wenzangu, akashuka mpaka Himbi kwa rafiki yangu, ndipo akapanda Majengo. Kushoto, kulia. Nilifurahi hata nikajionea aibu. Dada akamletea kiti na chai.

Chai hakuigusa. Aliuliza boksi liko wapi. Nikamwonyesha friji ya dada, akalifungua, akapapasa pakiti za kapsuli kuona kama bado zina baridi, akashusha pumzi.

"Ulikuwa unatafuta miye ao boksi?" nikamuuliza.

"Byote bibili," akajibu. Vyote viwili, mimi na boksi.

Hakunidanganya, na hilo ndilo lililoniuma. Ningeliacha boksi nyumbani, leo ningejua. Ni mimi mwenyewe niliyelibeba, kwa mikono yangu, kwa wivu wangu.

Tulirudi kwa pikipiki moja. Boksi aliliweka kati yake na mimi, akaniambia nilishike vizuri, nami nikalishika.