Roshani na Taa ya Duka

Miaka ya tisini nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya mama mmoja, Mji wa Kale. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na kazi sikukaa nazo. Nilibeba magunia Marikiti, nikauza kahawa Tononoka, kisha nikaangukia studio ya picha Makadara. Nilifagia na kuuliza maswali mpaka mwenye studio akachoka, akanifundisha kamera ili ninyamaze.

Nyumba ya mama ilikuwa na roshani ya mbao za kuchonga, na mbao zilikuwa zimeoza. Mafundi walikuwa waje kuibomoa. Kabla haijaondoka alitaka picha yake, tena ya usiku, taa zikiwaka nyuma ya matundu ya mbao, maana ndivyo alivyoiona alipoletwa pale bibi harusi.

"Ya mchana kila mtu ameiona," aliniambia. "Mimi nataka ile yangu."

Mwenye studio aliniazima kamera na miguu yake mitatu ya kuisimamishia. Picha za kwanza zilikuja mbaya sana. Roshani ilikuwa nyuma ya ukungu mweupe, na juu yake viduara vya kijani vimejipanga angani. Mwenye studio alizishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni roshani ama mayai ya kukaanga?"

Akaniuliza kama nilikivua kile kioo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi. Sikukivua. Pwani hatukivui, twaogopa chumvi ya bahari.

"Usiku kivue. Taa zajirudia humo kama kwenye vioo vya kinyozi. Na hata taa isiyokuwamo kwenye picha, ikiipiga lenzi kwa ubavu, yaharibu. Itie lenzi kivuli."

Niliporudi kupiga tena, ngazi za mafundi zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani kwa kazi ya asubuhi. Nikaisimamisha kamera ng'ambo ya kichochoro, kioo nimekivua, lenzi nimeipangusa. Mama alikaa dirishani, kwenye roshani, apate kuwamo. Lakini kulia kwangu duka lilikuwa na globu mlangoni, inawaka uchi. Nikamwomba mwenye duka aizime kidogo.

"Niizime, wateja wautafute mchele kwa kupapasa?"

"Dakika chache tu, kaka."

"Dakika hizo ndizo sukari yangu itakazotembea."

Mama alisikia. Akashuka amejitanda buibui.

"Wasumbuliwa na nini?"

"Ile taa, mama. Yanipiga kwa ubavu."

Akasimama kati ya globu na kamera, akainua mkono, buibui likaning'inia kama pazia. Nikachungulia. Weupe wote ulikuwa umetoweka.

"Lakini ukisimama hapa, mama, hutakuwamo kwenye picha."

"Mimi sibomolewi kesho. Piga."

Nikaifungua lenzi, tukangoja. Picha ya usiku hunywa mwanga polepole. Haijashiba, pikipiki ikaingia kichochoroni, taa yake imetuelekea moja kwa moja. Nilijua picha imeharibika. Mama hakuniuliza. Alilishusha buibui mbele ya lenzi, karibu sana bila kuigusa, akaifunika yote.

"Pita upesi, baba! Na hiyo taa yako ya meli!"

Pikipiki ikapita, akafunua, akauinua tena mkono mbele ya globu. Nilitaka kufunga nianze upya, kisha nikafikiri: gizani filamu haipokei kitu, basi hakuna kilichopotea ila muda. Nikaongeza muda ule uliopotea. Mama alichoka, akaushikilia ule mkono kwa wa pili. Mwenye duka akatoka na boksi alilolipasua, akalisimamisha mbele ya globu yake mwenyewe.

"Shusha mkono, mama. Nimeshindwa na wewe."

Picha ilipokuja, roshani ilikuwa imeshabomolewa. Kwenye picha anga ilikuwa safi, na kila tundu la mbao lilionekana, na mwanga wake ndani. Nimezurura miji mingi tangu hapo, na kila nikipiga picha usiku hubeba kitambaa cheusi. Sijapata tena mtu wa kunishikia namna ile.

Mama aliitazama, akaweka kidole juu ya lile dirisha.

"Hapa ndipo nilipokaa fungate yangu, naambiwa nisicheke." Akacheka.

Nikamwambia ahsante kwa lile buibui. Akanikodolea macho.

"Wanishukuru wewe, na picha ni yangu?"