Miguu Iliyokunjwa Kwenye Picha

Jamani, kuna picha iliyomnyima bibi yangu mume.

Msidhani natania. Mwaka 1938, kule Msasani, Mfaume alipeleka posa kwa Mwamvita, bibi yangu mzaa baba. Binti mwenyewe alikuwa kafa kaoza kwa Mfaume.

Baba yake Mwamvita alishafariki, kwa hiyo washenga walipokelewa na ba'mkubwa wake, Mzee Mwinjuma. Mzee akanyoosha kidole ukutani.

"Mtazameni huyo. Mama mzazi wa shemeji yangu, bibi yake Mwamvita. Kapigwa picha Unguja, Wajerumani hawajafika hapa. Mkufu, vipuli, bangili mpaka kwenye kiwiko! Huyo ndiye muungwana. Bibi yake Mfaume alikuwa mjakazi. Tutaoana vipi?"

Mwanakombo, mama yake Mwamvita, alikuwa nyuma ya pazia anasikia kila kitu.

Hakutoka.

Mfaume akaenda zake Mbweni, akaoa huko. Mwamvita akalia mpaka macho yakavimba, kisha akakubali mume wa Temeke aliyechaguliwa na ba'mkubwa.

Siku ya kufunga mizigo, mama akampa ile picha aende nayo. Fremu ilikuwa imeliwa na mchwa, Mwamvita akaichomoa picha aifute vumbi.

Chini ilikuwa imekunjwa. Akaikunjua.

Miguu mitupu, imejaa vumbi hadi kwenye vifundo.

"Mama, muungwana gani huyu kapigwa picha pekupeku?"

Mwanakombo akakaa kitako mkekani. "Alikuwa mpambe. Bibi aliyemmiliki alimvisha dhahabu zake ili watu wauone utajiri. Viatu, wajakazi hawakuruhusiwa."

"Nani kaikunja?"

"Mie. Nilipotaka kuolewa na baba yako. Ba'mkubwa wako hajui mpaka leo."

"Na siku ile ya Mfaume?"

"Niliogopa kufukuzwa nyumba hii, mwanangu."

Mwamvita akarudi kufunga mizigo. Aliniambia siku hiyo aliumia kuliko alipompoteza Mfaume, maana Mzee Mwinjuma alikuwa kadanganywa, lakini mama yake alijua.

Huko Temeke aliitundika picha sebuleni, miguu na yote. Kila mama yake alipokuja kumtembelea, Mwamvita alimwamkia vizuri, akampikia, akamkaribisha kiti kinachotazamana nayo.

Sasa wewe unayekataa mkwe kwa sababu ya ukoo wake, kamuulize kwanza mama yako. Na wewe mama unayejua ukweli, toka nyuma ya pazia mapema.