Mwenye Ufunguo wa Kanisa

Ufunguo wa kanisa letu, mrefu kama mwiko, bibi anayelitunza anauweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na mahindi ya bata wake. Mgeni akija, humwamuru apanguse viatu, kisha humpitisha mbio mbele ya watakatifu wote hadi nguzo ya tatu, penye kichwa cha mlafi kilichochongwa kwenye jiwe. "Itazame hiyo pua," hunong'ona. "Ni ya meya wetu, Bwana Fourcade. Ukoo wao una miaka mia nane ya ulafi!"

Siku ya Jumanne, mtaalamu wa majengo alipanda ngazi, akakigonga kichwa. "Nguzo ni ya kale, mama, lakini hiki kiliwekwa kanisa lilipokarabatiwa, miaka tisini tu iliyopita."

Tukadhani atanywea. Macho yakamng'aa.

"Tisini? Basi ni babu yake meya mwenyewe, na mchongaji alimwona akila!"