Amri ya Kuwapisha Ng'ombe

Lori lilipoikaribia Nyaishozi lilisimama ghafla, kwa kuwa barabara ilijaa ng'ombe. Mkunga Kembabazi naye alikuwa ameshuka kwenye baiskeli. Amri ya zamani, iliyotungwa kabla magari hayajafika Karagwe, ilimtaka kila mwenye magurudumu asubiri kundi lipite.

"Nipishe, kaka Byarugaba," akamwambia mfugaji. "Kuna mama ana uchungu tangu alfajiri."

"Amri ni amri, dada. Wakitawanyika utawakusanya wewe?"

Kembabazi alikuwa amekulia kwa wafugaji. Akamtazama ng'ombe wa mbele. "Huyu anaitwa nani?"

"Bihogo."

Akaanza kumsifu Bihogo, pembe zake, mwendo wake, maziwa yake. Mfugaji haondoki ng'ombe wake akisifiwa. Byarugaba akapiga mluzi, kundi likasogea majanini kula, naye akasimama kusikiliza huku akitabasamu.

Njia ikawa wazi. Kembabazi akarukia baiskeli.

"Kumbe umenichezea!"

"Ni mzuri kweli! Ila barazani useme amri hii ibadilishwe. Watoto hawasubiri nimalize sifa."

"Nitasema!"

Akatokomea kilimani. Ng'ombe wakarudi barabarani kabla lori halijasogea, na abiria wa lori wakabaki palepale, kwani hakuna aliyejua kusifu ng'ombe.