Kitako Kilichonikaa Vizuri

Harufu ya mbao ya mukau inaporandwa bado hunitia hasira. Wengine wakiisikia hukumbuka kabati jipya au kiti cha sebuleni. Mimi humkumbuka fundi wa Nunguni akinipima bunduki begani kama fundi cherehani anayempima mtoto sare ya shule. Ilikuwa Desemba, nimemaliza kidato cha pili. Mahindi yetu, kwenye mteremko chini ya milima ya Kilungu, yalikuwa yameanza kubeba, na kila asubuhi nyani walishuka kutoka kwenye miamba kama watu wanaokuja kuvuna chao.

Baba alikuwa na bunduki ndogo yenye kibali, lakini nyani walimjua. Wakiona suruali tu, hao, wamepotea. Mwanamke hawamwogopi hata kidogo. Mama aliwatupia mawe wakamwangalia huku wanatafuna. Basi Baba akaniketisha mimi na gauni langu kwenye benchi alilolipigilia ukingoni mwa shamba, mtutu umelazwa juu ya gunia la mchanga na kufunikwa leso. Nyani wakaja karibu. Nikafyatua, nikakosa. Kitako cha bunduki ile kilichongewa mwanamume mzima. Ilinibidi ninyooshe shingo kama kuku anayekunywa maji, na kila risasi ilinigonga mfupa wa bega mpaka nikashindwa kubeba mtungi upande huo.

Ndipo Baba akanipeleka Nunguni. Fundi alikuwa na vitako vitatu. Cha kwanza kilikuwa chepesi lakini kifupi, nikakunja mkono kama ninayejikuna kwapa. Cha pili kilikuwa na tundu la kidole gumba, kizuri kwa macho, ila kiganja kilichoka upesi. Cha tatu kilikuwa kizito, bapa upande wa chini ili kitulie juu ya mchanga, na kimeinuliwa pale shavu linapolala. Nikalaza shavu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, jicho lilikuwa tayari kwenye shabaha bila kuitafuta.

"Kinakukaa, Mwaitu?" Baba akaniuliza. Mwaitu kwetu ni mama. Nimepewa jina la mamake, na aliniita hivyo akiwa na furaha, au akiwa na haja na mtu.

"Kinanikaa sana."

"Mzee, huyu umeshamwoza bunduki," fundi akasema. "Sasa mahari utamdai nani?"

Baba hakucheka. Alilipa bila kuomba apunguziwe, yeye ambaye viatu vyangu vya shule alivibishania mpaka mwenye duka akatufukuza. Nami, mjinga, nilijaa fahari. Hakuna kitu kilichowahi kununuliwa nyumbani kwa kipimo changu.

Sikukosa tena. Nyani wawili wakaanguka, na kundi likahamia kwa jirani, likingoja benchi libaki tupu. Januari shule zikafunguliwa. Nilikuwa nimepiga sare pasi Baba aliposema, "Mwaitu, mahindi yakivunwa utarudi." Mama akasema nipewe ruhusa niende, yeye atakaa benchini. "Wewe kitako hakikukai," Baba akamjibu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote kuhusu masomo yangu. Mzee wa mtaa alipita akaniona na bunduki siku ya shule, akanisifu kwa bidii. Mahindi yakavunwa, yakabaki mbaazi. Baada ya mbaazi, mvua zikanyesha, tukapanda upya. Darasani dawati langu likapata mwenyewe mwingine.

Siku hizi kanisani wanapenda kusema kwamba watoto wa zamani walikuwa na utii. Kweli, tulitii. Ndiyo maana leo nawafulia nguo walimu wawili niliosoma nao kidato cha pili, na mmoja wao nilikuwa nikimwonyesha hesabu. Nina msichana wa darasa la sita. Mwezi uliopita Baba alikuja, akasalimiwa na mjukuu wake, akamtazama mabega mpaka mtoto akarudi ndani kwenye vitabu vyake. Akasema nyani wamezidi, nimkopeshe msichana muhula mmoja tu.

"Nyani na wale," nikamwambia. "Wakimaliza mahindi, wale na mbaazi."

"Umekosa adabu. Mwite, nimwulize mwenyewe."

"Anasoma. Ngoja."

Alingoja. Chai yake ikapoa, jua likaenda nyuma ya milima, na sikumwita.