Sidiria ya Saba

Dada yangu mkubwa alinishonea sidiria saba kabla hajafa. Sita hazikunifaa, na kosa lilikuwa langu. Alikufa kwa ugonjwa uleule niliopona mimi, na katika hilo pia mkono wangu upo. Nasema hivi mapema ili asitokee mtu wa kunifariji katikati ya maneno. Nimefarijiwa vya kutosha hapa Butembo, na wengi waliokuja kunifariji walikuwa wanaichungulia blauzi yangu.

Titi langu la kushoto lilikatwa Kampala. Baadaye madaktari wakanijengea jingine kwa nyama na ngozi waliyoitoa mgongoni kwangu mwenyewe. Walifanya kazi nzuri, sina lawama nao. Lakini lile jipya lilikaa juu, dogo kidogo, limekakamaa, wakati mwenzake alikuwa amenyonyesha watoto watano na njia ya kwenda chini anaijua. Ngozi ya lile jipya haisikii kitu, si joto, si baridi, si kidole. Na mgongoni, pale walipotoa nyama, limebaki kovu refu linalopita palepale mkanda wa sidiria unapolala. Waliniambia habari za dawa, za kunyoosha mkono, za kurudi kupimwa. Habari za mkanda hakuna aliyeniambia.

Hapa kwetu sidiria tunaichagua sokoni, kwenye marundo ya mitumba, na tunaijaribu juu ya nguo. Muuzaji anaivuta kutoka kwenye rundo, anakuzungushia kifuani juu ya blauzi uliyovaa, anaifunga mgongoni, na wapita njia wanatoa maoni yao bila kuombwa. Nimefanya hivyo tangu usichana bila kuwaza lolote. Nilipopata nguvu baada ya Kampala nilikwenda vilevile, nikasimama mbele ya mama mmoja anayeuza nguo za ndani tu, na yeye akaanza kunifunga na kunifungua.

“Hii njo taille yako, mama,” alisema, yaani saizi yangu. “Mais simama muzuri, juu ya nini unajikunja?”

Nilijikunja kwa sababu kovu lilikuwa linauma. Sikumwambia. Nilichukua ile aliyonifunga, yenye chuma chembamba chini ya vikombe, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikarudi nyumbani Bulengera, na kwa siku tatu nilijiona mwanamke kamili. Siku ya nne niliona doa kwenye blauzi. Chuma kilikuwa kimetoboa kitambaa na kunichimba chini ya titi jipya, na mimi sikuwa nimesikia hata kidogo. Kidonda kile kilichukua wiki nyingi kukauka. Nilikaa sokoni nauza viazi vya Musienene nimejifunika shali kwenye jua kali, na wateja wakaniuliza kama nina malaria.

Dada yangu aliishi Beni, upande wa Ruwenzori, na kazi yake ilikuwa ushonaji. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyompita umri. Ni yeye aliyenibeba mgongoni wakati mama yetu yuko shambani, na mpaka nimekuwa bibi mwenye wajukuu aliniita mtoto wake, nami nikamwita yaya, dada mkubwa. Nilipomweleza kwa simu habari ya chuma, alicheka kwanza, kisha akasema atanishonea mwenyewe. Akataka vipimo. Nikajizungushia kamba juu ya blauzi, kama sokoni, nikailaza kwenye rula, nikamsomea.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Beni si ndefu, ila kuna wiki ambazo, kwa hofu ya watu wenye silaha, mtu mwenye akili haipiti. Kwa hiyo tulitumiana vitu kwa madereva. Mimi nilimpelekea viazi na maharage, yeye alinirudishia mawese na unga wa muhogo. Sidiria haiwezi kuwekwa mkononi mwa dereva, mwanamume wa watu, basi dada aliikunja na kuizika katikati ya unga. Kila moja ilifika nyeupe kwenye mishono yote. Niliikung’uta mlangoni nikipiga chafya na kucheka peke yangu, na hiyo ilikuwa furaha ya kweli, sitaki nidanganye.

Ya kwanza ilibana. Ya pili ilikaa vizuri mbele, lakini mkanda ulilalia kovu, na saa sita mchana nilikuwa nyuma ya magunia naifungua. Ya tatu ilikuwa na kikombe cha kushoto kikubwa mno, kikabaki kitupu, kikakunjamana chini ya nguo. Kila mara nilimpigia simu kulalamika, na mimi nikilalamika silalamiki kwa upole.

“Donc inakubana fasi gani?” aliuliza.

“Kwa mugongo.”

“Kwa mugongo juu ao chini?”

“Yaya, nimekuambia kwa mugongo.”

“Nitashona namna gani kitu yenye sijaona? Ukuye hapa unionyeshe. Mara moya tu.”

Nilimwambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Sikutaka kuonwa. Mume wangu mwenyewe alikuwa ameniona mara moja, kwa bahati mbaya, naye akageuza macho haraka ili asinitie aibu, na haraka ile ndiyo iliyonitia aibu. Tangu siku hiyo nilioga nimefunga mlango, na nilivaa nikiwa nimeupa ukuta uso wangu. Majirani walipokuja na maswali yao niliwajibu kwa kelele mpaka wakaacha kuja. Nilimweka dada yangu katika kundi lao.

Baada ya sidiria ya tatu barabara ilitulia, naye akaja Butembo mwenyewe. Alikaa siku tano. Nilifurahi kumwona, lakini alikuwa na maswali tofauti na yale ya simu. Aliuliza kama iliuma siku walipokata. Aliuliza nililala siku ngapi hospitali, na kama mume wangu bado ananigusa. Asubuhi ya tatu nilikwenda bafuni, nikasikia miguu yake nyuma yangu.

“Acha niingiye,” alisema nje ya mlango. “Tulioga wote tangu batoto.”

Nikaubana mlango kwa bega langu zima. Nikamwambia kama amekuja kutazama maajabu aende kwenye sinema. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza jambo moja zaidi.

“Kama bangekuambia leo ukate tena, ungekubali?”

“Hapana,” nilisema. “Afazali kufa.”

Haikuwa kweli. Nilikuwa na hasira, maji yalikuwa yanapoa, na nilitaka aondoke mlangoni. Ningekubali mara kumi. Nilishukuru kila asubuhi nilipoamka, hata asubuhi za kidonda. Lakini hayo yote sikuyasema kwa mtu yeyote, na kwake nilisema lile neno moja. Alirudi Beni siku mbili baadaye na kipande cha kamba yangu ya vipimo kwenye mkoba.

Ya nne, ya tano na ya sita zilikuja kwa unga kama zamani, kila moja ikiwa imekosa kwa namna yake. Maswali hayakuja tena. Niliona ni heri, nikasema moyoni kwamba sasa ameelewa. Simu zetu zikawa fupi. Kisha ukapita muda mrefu bila unga wala sidiria, na nilipouliza aliniambia cherehani imeharibika.

Simu ya mwisho alipiga yeye. “Ukuye,” alisema tu. Nikajua kwa sauti. Nilipanda gari la asubuhi siku iliyofuata bila kuuliza kama barabara ni salama.

Nilimkuta kitandani, amekonda, na chumba kina harufu ambayo sikuhitaji kuelezwa. Titi lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Majirani walikuwa wamemwambia ni karuho, sumu ya watu wenye wivu, na alikuwa amekunywa dawa za mizizi miezi na miezi. Lakini yeye alijua si karuho. Daktari alikuwa amemwambia wazi, tangu uvimbe ukiwa mdogo, kwamba ukatwe upesi. Nilimuuliza ni lini.

“Wakati nilikuwa nashona ile ya tatu,” alisema.

Nilihesabu, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu. Alikuja Butembo na uvimbe wake. Alikuja kuangalia kifua cha mtu aliyekatwa, kifua cha mdogo wake, ili ajue kama anaweza kukubali. Alisimama nje ya mlango wa bafu na kuuliza, na mimi nikamjibu.

Nikafungua blauzi. Vifungo vilikuwa vingi. Nikavua na sidiria ya sita, ile iliyokuwa inanikata kwapani, nikakaa ukingoni mwa kitanda kwenye mwanga wa dirisha, nikageuka mbele, nikageuka na mgongo. Dada yangu aliangalia kwa muda mrefu bila kuharakisha macho. Akaligusa titi jipya kwa nyuma ya vidole vyake, kama anavyogusa kitambaa kizuri dukani. Akafuata kovu la mgongoni kwa ncha ya kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

“Njo hii tu?” alisema.

Nikageuka kumtazama.

“Miye nilizania balikuharibisha yote,” alisema. “Njo hii tu, mutoto yangu? Hii si kitu.”

Nililia mpaka nikashindwa kupumua, na yeye, mgonjwa, ndiye aliyenishika kichwa. Nikamwambia kwamba nilidanganya siku ile, kwamba ningekubali kukatwa tena, kesho, leo. Akasema basi, imepita. Nikamwambia twende Kampala. Akanitazama namna anavyotazamwa mtoto, akaomba mkasi, kamba na chaki.

Alinipima nikiwa mtupu kifuani, kwa mara ya kwanza. Alifunga mafundo madogo kwenye kamba: hapa kikombe cha kushoto, hapa cha kulia, hapa kovu linapoanza, hapa linapoishia. Cherehani haikuwa na ubaya wowote, ila miguu yake haikuweza tena kuikanyaga, akashona kwa mkono akiwa ameegemea mito miwili. Alikata kitenge changu cha zamani kilichokuwa laini kwa kufuliwa. Aliushusha mkanda chini ya kovu, akaufanya mpana. Vifungo akavipanga mbele, kwa sababu aliona jinsi mkono wangu wa kushoto usivyofika nyuma, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kumwambia. Ndani ya kikombe cha kushoto aliweka pamba kidogo, akaitoa, akaweka kidogo zaidi. Ilimchukua siku nne. Niliivaa mbele yake, nikainua mikono, nikainama, nikakaa. Haikunigusa mahali popote pabaya. Alitabasamu tabasamu la fundi, lile la kazi iliyokubali.

Wiki tatu baadaye tulimzika.

Nimeivaa sidiria hiyo kwa miaka miwili. Naifua jioni, naianika ndani, naivaa asubuhi ikiwa na unyevu kidogo. Jumapili na siku za soko, harusi na misiba, ni hiyohiyo. Sasa kitenge kimeanza kuachana chini ya kwapa, na mkanda umelegea. Mwezi uliopita nililazimika kuipeleka kwa fundi mmoja wa Bulengera, mwanamke kijana mwenye banda karibu na nyumba yetu, nimuombe aiige.

Aliigeuzageuza mikononi. Alisifu mishono. Kisha akasema kwamba ili aielewe lazima aifumue yote, vipande vyake avilaze kwenye karatasi, halafu akate mpya.

Nilimnyang’anya karibu nimkwaruze. Nikasema haifumuliwi.

“Alors nitajua namna gani, mama?” aliuliza, naye amekasirika kidogo, na alikuwa na haki. “Miye hapana muloji wa kuona ndani ya nguo. Blauzi yako inaficha yote.”

Nilikuwa tayari nimefika nje ya banda. Nilisimama pale, nimeishika sidiria, moto za abiria zikinipita. Nilimwona dada yangu nje ya mlango wa bafu, jinsi alivyoshusha sauti kuuliza swali lake la mwisho. Nikarudi ndani. Nikamwomba yule binti ashushe pazia.

Nilipofungua vifungo aliacha kutafuna bigijii. Hakugeuza macho, na kwa hilo nilimshukuru. Alichukua futi yake, akaja karibu, akapima taratibu, akaandika. Alipofika mgongoni mkono wake ulisimama juu ya kovu.

“Iliuma, mama?”

Nikamwambia iliuma, na baadaye ikaacha. Nikamwambia nililala siku ngapi, nikamwambia mume wangu amejifunza kuangalia. Nikamwambia kwamba wangeniambia leo nikatwe tena, ningekubali kabla hawajamaliza kusema. Hakuwa ameuliza hayo yote. Mimi niliendelea tu kujibu, nimempa mgongo, mpaka futi ikaacha kutembea, na yule binti akabaki amesimama nyuma yangu, hajui kama aendelee kupima au anishike.